Kichupa cha Kifuniko cha Njano

Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyembandika jina la Kiguu na Njia, kwa sababu hakuwahi kutulia mahali pamoja. Jina hilo lilimfuata hadi chuoni, ambako wenzake walilikata likabaki Kiguu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mkubwa kuliko darasa zima, kwa kuwa alishona mashati kiwandani miaka kumi kabla ya kupata nafasi ya kusomea biokemia ya tiba, yaani kazi ya kupima damu na mikojo ili daktari ajue kinachomsumbua mgonjwa.

Mafunzo kwa vitendo aliyafanyia katika maabara ya hospitali iliyotazamana na chuo. Msimamizi wake alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye wanafunzi walimwita Mama Rudia. Jibu lolote lililomtia shaka aliagiza lirudiwe, na kuhojiwa hakutaka.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, Mama Rudia alimtuma Kiguu wodini akachukue damu ya mzee mmoja aliyelazwa jana yake kwa udhaifu wa miguu. Mzee huyo alikuwa fundi saa, na wodi nzima ilimwita Fundi.

"Chukua, binti yangu," Fundi alisema akinyoosha mkono, "ila uniachie kidogo ya kurudi nayo nyumbani."

Binti yake wa kumzaa, aliyekaa pembeni amekumbatia mkoba, hakucheka. Mishipa ya mzee ilikuwa myembamba kama nyuzi. Kiguu alidunga mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili damu ikatoka, akaanza na kichupa cha kifuniko cha zambarau, kikajaa vizuri. Alipogeukia kile cha njano, cha kupimia potasiamu, damu ikadondoka matone machache kisha ikakata.

"Utamtoboa baba yangu mara ngapi?" binti yake aliuliza.

Kiguu alitazama mkono wa mzee, tayari umeanza kuvimba pale alipokosea, na huruma ikamjaa pamoja na aibu, asijue ipi ilikuwa kubwa. Akasema amemaliza. Alipofika kwenye korido, akiwa peke yake kando ya dirisha, alifungua vifuniko vyote viwili, akamimina damu kutoka kichupa cha zambarau hadi cha njano kikafikia mstari. Damu ni damu, alijiambia, zote zimetoka mkono mmoja.

Saa tano potasiamu ya Fundi, madini ya damu yanayoongoza mapigo ya moyo, ilitoka nane nukta moja. Kwa mtu mzima kipimo hicho hakipaswi kuzidi tano na kidogo, na kikifika nane moyo unaweza kusimama wakati wowote. Mama Rudia aliinama juu ya mashine.

"Rudia."

Kiguu alirudia. Nane nukta moja.

"Hii sampuli ulichukua wewe. Ilitoka vizuri?"

Kulikuwa na nafasi pale, fupi kama kupepesa jicho. "Ilitoka vizuri," Kiguu alijibu.

Mama Rudia akainua simu, akampa daktari wa wodi jibu, akaandika saa kwenye daftari. Kiguu aliosha mikono mara mbili. Alipanga vichupa vilivyokwisha kupangwa. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena, mpaka Mama Rudia akamwambia kama ana haja aende msalani, na kama hana akae.

Saa sita kasoro kidogo alivuka barabara kwenda darasani. Mwalimu wa siku hiyo, kijana mwembamba aliyependa kuzungumza akikuna kidevu kwa chaki, alikuwa anafundisha makosa yanayotokea kabla damu haijafika kwenye mashine.

"Rangi za vifuniko mnazijua?" aliuliza.

Darasa zima liliimba rangi kwa mpangilio. Kiguu naye aliimba. Alizijua kama jina lake, usiku na mchana alikuwa amezikariri.

"Vizuri. Sasa nani ataniambia kwa nini? Ndani ya zambarau kuna nini?"

"Dawa ya kuzuia damu isigande," mmoja akajibu.

"Ndiyo. Na dawa hiyo ni chumvi ya nini?"

Mwalimu akageukia ubao, akaandika neno moja: potasiamu.

Kiguu alisimama kabla hajajua kwamba amesimama. Mwalimu akamuuliza kama ana jibu, naye akasema, "Samahani, mwalimu," akatoka na kuacha daftari wazi juu ya dawati.

Alipiga simu ya maabara akishuka ngazi. Ilikuwa inatumika. Akapiga tena getini, bado inatumika. Barabarani alikatiza mbele ya lori moja lililokuwa likipinda, dereva akamtukana, naye hakusikia hata nusu ya tusi. Njia nzima jambo moja lilimzunguka kichwani: potasiamu ikiwa juu, wodini huwekwa dripu ya sukari na insulini ili kuishusha. Na kama haikuwa juu, itashuka kwenda wapi?

Dripu ilikuwa imeshaanza. Fundi alilala amefumba macho, waya za kipimo cha moyo zimebandikwa kifuani. Nesi mkuu wa wodi, mwanamke mrefu ambaye Kiguu alimjua kwa salamu tu, alikuwa anaandika kwenye faili.

"Sista, naomba ufunge hiyo dripu."

"Wewe ni daktari tangu lini?"

"Mimi ni wa maabara. Jibu si sahihi."

"Jibu limesomwa kwa simu, na daktari ameagiza. Nitafunga kwa maneno ya mwanafunzi?"

Binti wa Fundi alikuwa ameinuka kitini. "Mpigie Mama Rudia. Tafadhali, sista, mpigie sasa hivi," Kiguu alisema.

Safari hii simu ilipokelewa. Nesi akamkabidhi, naye akasema yote mbele ya nesi, mbele ya binti, mbele ya wagonjwa wa vitanda vitatu waliogeuza shingo. Alisema damu haikutosha, alimimina ya zambarau kwenye ya njano, na alipoulizwa alidanganya. Neno la mwisho alilirudia ili lisikike.



"Nilikuuliza," Mama Rudia alisema.

"Uliniuliza, mama."

"Mpe sista simu. Na usiguse kitu chochote hapo."

Nesi alisikiliza, akaitikia mara mbili, akafunga dripu. Akachukua damu upya yeye mwenyewe, akaita daktari. Kisha akampa Kiguu kichupa akikimbize maabara, naye akakipeleka vidole vimekikumbatia kama yai. Alimkuta Mama Rudia ameshapima kalsiamu kwenye damu ile ya kwanza. Ilikuwa karibu na sifuri.

"Tazama," alisema bila kumwangalia. "Ile dawa ya zambarau inameza kalsiamu. Mtu wa namba hii angekuwa anatetemeka mwili mzima au amekufa, si anapiga soga na wewe kitandani. Kwenye kichupa cha njano daktari aliomba potasiamu peke yake, ndiyo maana sikuiona. Ningeipima, ningekukamata."

Walisubiri mashine. Dakika chache zile, Kiguu alizunguka meza ya katikati mara nyingi mno, na hakuna aliyemwambia akae. Jibu likatoka mbili nukta tano.

Potasiamu ya Fundi ilikuwa chini, chini mno. Udhaifu wa miguu uliomleta hospitali ulitokana na hilo: vidonge vya presha alivyokuwa akimeza vilikuwa vinaitoa potasiamu yake kwa mkojo siku baada ya siku. Insulini ilikuwa imeisukuma chini zaidi. Kama dripu ingekwisha yote, moyo ule ungesimama kwa sababu ya jibu lililotoka maabara.

Jioni walimwekea potasiamu polepole, macho yao kwenye mashine ya moyo. Siku ya tatu Fundi aliweza kusimama akishika kitanda. Kiguu alikwenda kumwomba radhi mwenyewe, ingawa Mama Rudia alimwambia barua rasmi inatosha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungenidunga mara ya tatu ningelalamika," alisema. "Ningelalamika sana. Halafu ningesahau."

Binti yake hakuitikia salamu wala kwaheri.

Chuo kilimfutia wiki zote nane za mafunzo, akatakiwa kuanza upya muhula uliofuata. Nyumbani dada yake alimsikiliza huku akikunja nguo, akakunja shati moja mara tatu.

"Na kama usingesimama pale darasani?" aliuliza hatimaye.

"Sijui, dada."

"Unajua."

Kwa majuma mengi swali hilo lilimwamsha Kiguu alfajiri na kumtembeza uani bila viatu.

Muhula ulipofika alirudi kwenye maabara ileile, kwa msimamizi yuleyule, kwa sababu Mama Rudia alikuwa ameandika kwamba anamtaka hapo hapo mbele ya macho yake. Siku ya pili ya kazi aliletewa kichupa cha njano chenye damu nusu kidole tu, kimeambatana na fomu ya mtoto mchanga. Aliinua simu, akaomba wodi ya watoto.

"Damu yenu haitoshi," alisema, "na siwezi kuipima. Najua mmehangaika kuipata. Nakuja tuichukue pamoja."

Alikuwa ameshafika mlangoni kabla simu haijatulia mahali pake.