Ngazi Isiyokuwepo

Mama alipandisha mkono wa gauni lake, kovu likaonekana, refu kama zipu.

"Humu kuna bamba la chuma," alisema. "Bamba na misumari sita."

Fundi wa mashine ya kupiga picha za ubongo aliweka alama kwenye fomu. "Basi wewe huingii, mama. Sumaku ile na chuma ni paka na panya. Aingie mwingine amshike mguu. Kijana akitikisika, picha zote zimeharibika."

Hakuuliza ni nani aliyeuvunja mkono ule. Aliyeuvunja alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwetu, kati ya askari wawili, pingu mikononi. Ni kaka yangu, mchomeleaji wa vyuma. Mtaani walimwita Cheche, kwa kazi yake na kwa hasira zake. Mwezi uliopita mteja alilalamika kwamba geti lake limepinda. Kaka alimpiga kwa nondo mpaka taya likavunjika, jicho moja likapotea. Nilikuwepo. Nilisikia mfupa ukilia kama kuni kavu.

Sasa mahakama ilitaka kujua kama kichwa chake ni kizima. Kikiwa kigonjwa, atapewa dawa na kurudi nyumbani. Kikiwa kizima, ni jela. Mama alimweleza kila aliyeuliza habari ileile: mwanawe alikuwa mpole kama maji ya mtungini, mpaka miaka mitatu iliyopita, alipodondoka kwenye ngazi akipaka rangi ukuta wa nyuma. Hapo ndipo alipobadilika.

Kaka naye aliisimulia ngazi hiyo, tena vizuri kumshinda mama. Alikumbuka kidato cha tatu kilivyokatika. Alikumbuka harufu ya rangi.

Hakukuwa na ngazi.

Siku ile chakula kilikuwa kimepoa. Kaka alimwangusha mama mlangoni, akaukanyaga mkono wake juu ya kizingiti, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ukapinda pasipo na kiungo. Nilichukua mchi nikampiga juu ya jicho la kushoto. Akaanguka. Nikampiga tena. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa mama, hilo nalijua. La pili sijui lilitoka wapi. Alikuwa ameshalala chini, macho yamegeuka, na mimi nilisikia utamu mikononi. Alizinduka baada ya siku mbili hakumbuki kitu, na mama, mkono ukiwa kwenye plasta, akampa ngazi.

"Pingu zivuliwe," fundi alisema. "Na afande, ukiwa na mkanda huo wenye chuma, ishia mlangoni."

Kaka alisugua viganja vyake akacheka. "Mambo hayo! Siku ya kupigwa picha ndiyo siku ya kufunguliwa." Kisha akanigeukia. "Bubu, usinitekenye mguu. Nikicheka humo watasema kweli mimi kichaa."

Bubu ni mimi. Alinipa jina hilo utotoni, na sikuwahi kulikataa.

Alilazwa, akasukumwa ndani ya tundu mpaka ikabaki miguu tu. Mashine ikaanza kugonga, nyundo juu ya nyundo. Nilimshika kifundo cha mguu. Mguu uleule ulioukanyaga mkono wa mama sasa ulikuwa na joto la kawaida, na vidole vyake vilichezacheza kunitania. Nilijiuliza: kile kinachopiga kimejificha wapi, hata kiache mguu ukiwa mzuri hivi?

Kelele zikakoma. Daktari wa picha, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliniita chumba cha pili, chenye dirisha la kioo la kutazamia mashine. Mama alikuwa ameshatangulia. Ubongo wa kaka ulikuwa kwenye skrini kama donge la unga lililokandwa, na sehemu moja ilikuwa nyeusi.

"Kuna kovu," daktari alisema. "Juu ya jicho la kushoto. Ni la miaka kadhaa. Sehemu hii humsaidia mtu kujizuia."

"Si nilisema!" Mama alipiga kofi la furaha. "Ngazi!"

Nilijikuta nauliza. "Kwa hiyo siyo yeye anayepiga? Ni kovu?"

Daktari alivua miwani. "Mwanangu, wapo wenye kovu kama hili na hawajaua hata nzi. Na wapo wenye ubongo safi kama sahani, wamejaa magerezani. Mimi naona nyama na damu. Hasira haina picha. Naisikia kwa wanaoishi nayo. Ndiyo maana nakuuliza wewe: alianza kupiga kabla ya kudondoka, au baada?"

Mama alinitazama. Macho yake yaliniomba, kisha yakaniamuru.

"Kabla," nilisema. "Tangu ana miaka kumi na sita. Na hakudondoka. Nilimpiga mimi, kwa mchi. Mara mbili."

Kofi lilinipata shavuni kabla sijafunga mdomo. Alinipiga kwa mkono ule wenye bamba, na aliyepiga yowe la maumivu ni yeye.

Ndipo fundi, aliyekaa pembeni ya daktari, akaitazama meza yake, akashtuka. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Alikuwa amefungua kipaza sauti amwambie kaka apumzike kidogo, akasahau kukizima.

Nyuma ya kioo, vidole vya kaka vilikuwa vimeacha kucheza.

"Bado picha za mwisho," daktari alisema polepole. "Huna haja ya kurudi. Askari atavua mkanda, amshike yeye."

"Nitaingia mimi," nilisema.

Mlango mzito ulifungwa nyuma yangu. Kaka hakuwa na pingu. Nilipofika miguuni pake, sauti ilitoka ndani ya tundu, ndogo, kama ya mtu aliye kisimani.

"Bubu."

"Abee, kaka."

"Ile ngazi ilikuwa na vidato vingapi?"

Nilimshika kifundo kwa mikono miwili. Mshipa wake ulikuwa unapiga haraka chini ya kidole changu, na wangu ukipiga haraka vilevile, hata nikashindwa kujua upi ni wa nani.

"Hakukuwa na ngazi, kaka."

"Mbona harufu ya rangi naisikia mpaka leo?" alisema.

Kisha mashine ikaanza kugonga.