Taa Kumi na Nne za Profesa

Mume wangu ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari, na watu wa jengo letu wanamwita Profesa. Wanamtania. Yeye hajui kama anataniwa, na mimi nimechoka kumwambia.

Kazi yake ni kuosha mirija ya vioo, kufungia tindikali kabatini na kuwaandalia walimu vifaa vya majaribio. Ni kazi ya heshima, siidharau. Ninachodharau ni jinsi anavyorudi nayo nyumbani. Mtu huyu hawezi kununua hata kisu cha jikoni bila kufungua daftari. Pasi yetu ilipoungua, alichunguza pasi kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita, na miezi yote hiyo tulitembea na nguo zilizokunjamana kama watu waliolala kituo cha basi. Na mimi kazi yangu ni kupiga pasi.

Napiga pasi hospitalini, sehemu ya kufulia: mashuka, mapazia, makoti ya madaktari. Zamu yangu ni ya jioni. Naingia saa nane mchana, natoka saa nne usiku, narudi kwa baiskeli. Kwa miaka mingi nilipita barabara kuu, ambayo ina taa kila hatua. Kisha wakaja watu wa kupanua barabara, wakaifunga, wakang'oa nguzo zote, nami nikahamia njia ya nyuma ambako hakuna taa hata moja. Usiku wa pili tu, lori lililojaa mbao lilitoka kinyumenyume kwenye geti la kiwanda cha mbao. Dereva hakuniona. Lilinigusa kiwiko, nikaanguka nikachubuka goti, na lori likaenda zake.

Nilifika nyumbani nimejaa vumbi na damu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliacha cherehani yake akaja na maji ya moto na kitambaa. Profesa aliniuliza swali moja. Alitaka kujua kama taa za nyuma za lori zilikuwa zinawaka zote mbili.

"Kesho naenda kwa fundi baiskeli," nilisema. "Nanunua taa, yoyote ile, ya bei nafuu."

"Usinunue takataka," alisema Profesa. "Nafuu si sawa na hovyo. Niachie mimi nikuchagulie."

Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nilifurahi. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mume wangu ajitwike jambo langu lolote. Ningeweza kununua taa mwenyewe, pesa ninayo na miguu ninayo. Lakini nilitaka itoke mkononi mwake. Nikamwachia.

Wiki ya kwanza alisoma. Alisoma kwenye simu maoni ya watu asiowajua kuhusu taa asizowahi kuziona, na akaingia katika ugomvi na mtu mmoja aliyedai kwamba mwanga mkali si lazima uwe mwanga mzuri. Walijibizana siku tatu. Siku ya tatu alikula akiwa amenuna, mama yake akamsihi asijiumize kwa ajili ya watu wajinga.

Wiki ya pili taa zikaanza kuingia nyumbani. Nyingine alikopa kwa walimu, nyingine alizichukua madukani kwa ahadi ya kurudisha, nyingine sijui alizitoa wapi. Zikafika kumi na nne. Alizipanga kwenye rafu ya sebuleni, kila moja ina namba yake ya karatasi, zote zinachajiwa. Mgeni akiingia alidhani tumefungua duka. Mimi saa saba na nusu mchana nilizipita zote kumi na nne, nikachukua baiskeli yangu, nikaenda kazini kurudi gizani.

Majaribio yalifanyika Jumapili, mchana, mapazia yamefungwa. Profesa alinisimamisha mwisho wa korido nikiwa nimeshika gazeti, yeye akakaa mwanzo wake na taa namba moja.

"Unaona nini?"

"Nakuona wewe."

"Kwenye gazeti."

"Kiwanja kinauzwa."

"Herufi kubwa au ndogo?"

Nilisoma lile tangazo la kiwanja mara kumi na nne. Namba tisa ilinichoma macho hadi nikaona madoa ya zambarau mpaka jioni, na Profesa akaipa alama za juu kuliko zote. Nikamwambia kwamba mimi ndiye nitakayekuwa nyuma ya taa, siyo mbele yake. Akasema hilo ni suala la hatua ya pili.

Hatua ya pili ilikuwa maji. Alizitundika bafuni chini ya bomba la mvua kwa robo saa, na tatu zikafa palepale, ikawa furaha yake ya wiki. Hatua ya tatu ilikuwa mashimo ya barabarani. Hakwenda barabarani, hasha. Alizifunga moja moja kwenye cherehani ya mama yake kwa kamba, akamwomba mama akanyage kwa kasi yote ili aone kama kishikio kitastahimili. Mama mkwe hushona pindo za sare za shule, na alikuwa na marundo mawili yanayomsubiri. Akayaweka kando. Akakanyaga cherehani tupu kutwa nzima, jasho linamtoka, uso umejaa fahari.

"Mwanangu hana pupa," aliniambia. "Wengine wangekuletea kitu cha kuzima njiani."

Nilimheshimu kwa kuwa ni mama, nikameza niliyotaka kusema.

Njiani nilikuwa napiga kengele mfululizo kama muuza aiskrimu. Tochi ya simu niliijaribu nikiwa nimeichomeka mfuko wa kifuani, ikanimulika kidevu. Kila usiku nilipofika, Profesa aliniuliza bila kugeuka, "Giza lilikuwaje leo?" Mara ya kwanza nilidhani ananionea huruma. Kumbe alikuwa anaandika. Alikuwa na safu ya giza kwenye daftari, kutoka moja hadi tano. Usiku mmoja nilimjibu "saba" kwa hasira, akanieleza kwa upole kwamba mwisho ni tano.

Wiki ya saba nilimwomba. Nasema nilimwomba, mtu mzima, mke wake, niliyesimama mbele ya rafu iliyojaa taa.

"Nipe moja tu. Hata iliyoshika mkia."

"Ukiondoa moja, ulinganisho wote unaharibika."

"Nikigongwa?"

"Vumilia kidogo. Nimebakiza uzito na uimara wa swichi."

Aliongea kama daktari anayemtuliza mgonjwa. Ningemtupia rafu nzima. Nilichofanya ni kwenda kulala, nimempa mgongo, na nikajidharau mimi pia kwa sababu bado nilikuwa nasubiri.

Wiki ya nane niligongana na mlinzi wa ghala, mzee wa watu, naye yuko kwenye baiskeli isiyo na taa, naye anatoka kazini. Hakuna aliyemwona mwenzake. Tulijikuta chini, magurudumu yamekumbatiana, yeye akaniomba radhi na mimi nikamwomba radhi, kila mmoja kwa sauti ya mtu aliyejua kosa ni lake. Alikuwa anatapatapa kwa mikono kutafuta miwani. Nilimsaidia kuitafuta kwa kupapasa. Tuliipata, kioo kimoja kimepasuka, akaivaa hivyohivyo akaniuliza kama nimeumia. Nilitembea na baiskeli mpaka nyumbani. Profesa aliuliza giza lilikuwaje, mimi nikaenda kunawa vumbi.

Kesho yake mchana, kabla ya zamu, nilikwenda kwa fundi baiskeli. Kibanda chake ni kidogo kama kabati, matairi yamening'inia hadi yanamgusa kichwa. Nilimwambia nataka taa ya bei nafuu. Sikutaka maelezo. Nilikuwa nimeshiba maelezo.

Hakutoa taa. Alifuta mikono kwa tambara, akaniangalia.

"Usiku unapita wapi, dada?"

Nikamweleza njia ya nyuma, reli na mfereji. Alisikiliza, akaniuliza kama kando ya mfereji kuna uzio. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama kule relini nashuka au navuka juu ya baiskeli. Nikasema nashuka. Ndipo akafungua droo.

"Basi huhitaji ya kumulika mbali. Chukua hii, mwanga wake ni mpana na uko chini. Ielekeze kwenye udongo, siyo kwenye nyuso za watu. Na hii nyekundu ya nyuma ndiyo usiache hata siku moja, hiyo siyo yako, ni ya dereva wa lori."

Alizifunga mwenyewe, akabandika vipande vya karatasi ya kung'aa kwenye pedali bila kunidai zaidi. Yote yalichukua dakika kumi. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika pesa bila kuitoa, naye akadhani bei imenishtua, akanipunguzia. Haikuwa bei. Ilikuwa lile swali. Siku hamsini na kitu, taa kumi na nne, korido, bafu na cherehani, na mume wangu hakuwahi kuniuliza ninapita wapi.

Usiku ule niliuona mfereji kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nikipita karibu yake kuliko nilivyodhani.

Asubuhi Profesa alizikuta. Nilikuwa mezani nakunywa chai, mama mkwe yuko kwenye cherehani na sare zake. Profesa alizifungua taa zangu kwenye baiskeli, akazipeleka dirishani, akazigeuza huku na huku kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Plastiki," alisema. "Kishikio ni cha hovyo. Swichi haina hata mpira. Bora ungesubiri. Nilikuwa nimefikia tatu za mwisho."

"Nikuulize kitu," nilisema. "Nikitoka kazini napita wapi?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu tu."

"Si barabara kuu? Mpaka kwenye mzunguko, halafu unakata kulia."

"Barabara kuu imefungwa. Ndiyo maana nataka taa."

"Basi kuna njia nyingine," alisema.

Cherehani ilikuwa imesimama. Mama mkwe alijibu bila kuinua kichwa, mkono uko juu ya kitambaa.

"Anapita nyuma ya kiwanda cha mbao, pale lori lilipomgonga. Anavuka reli kwa miguu. Halafu anafuata mfereji mpaka mwisho. Ukuta wa makaburi anashuka tena, anakokota, kuna mbwa. Saa nne na dakika arobaini anakuwa kwenye ngazi, na ikifika saa tano kasorobo sijamsikia, mimi sikai."

"Umejuaje?" Profesa alimuuliza.

"Nilimuuliza."

Nakiri kwamba hata hapo nilisubiri. Mtu bado ana nafasi ya kuweka kitu chini, kuvuta kiti, kusema hata neno moja la kipuuzi, nami ningelipokea. Nilikuwa tayari kulipokea, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko goti.

Profesa aliweka taa zangu dirishani. Akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akachora mstari kwa rula, na juu yake akaandika neno "Njia". Kisha akainua macho, na uso wake ulikuwa mkweli kabisa, uso wa mtu anayetaka kusaidia.

"Huo mfereji una upana gani?"

Mama mkwe aliinamia sare aliyokuwa akishona mpaka sikuuona uso wake tena. Alikuwa anaona haya. Ni yeye aliyemlea.

"Mita mbili," nilisema.

Akanishukuru, akaandika.