Nusu Kifungo

Chumba cha kushonea kilikuwa na dirisha moja tu, na dirisha hilo lilikuwa la Kapteni, fundi wa suti. Jua lilimwangukia mikononi kana kwamba limeumbwa kwa ajili yake. Wengine walibanana chini ya taa ya dari iliyopepesa kama jicho lenye mchanga. Aliyeumia zaidi ni Kimya, binti wa pembeni kabisa, aliyepewa jina hilo kwa sababu ukimsalimia hujibu kwa kichwa. Kazi yake ilikuwa vifungo na pindo. Siku za kitambaa cheusi alishona kwa kupapasa, na jioni macho yalimwasha kama yametiwa pilipili.

Ndiyo maana moyo ulimruka Kimya pale Shangazi, mwenye chumba, alipotangaza mchezo wa ubashiri ligi ya mpira ilipoanza. Kabla ya mechi kubwa ya wiki, kila fundi anasema nani atashinda, au kama watatoka sare. Ukipatia, kifungo kimoja kinatiwa kikombeni mwako. Ligi ikiisha, mwenye vifungo vingi anahamia dirishani.

Wiki ya kwanza Shangazi alipita na vikombe. Kimya alikuwa ameinamia sindano, masikio hayapo.

"Na wewe je, mwanangu?"

Alidhani anaulizwa anashona nini. "Sare," akajibu. Zilikuwa sare za shule, rundo zima mapajani.

Watu wakaangua kicheko. Mabingwa watoke sare na timu inayoburuta mkia!

"Samahani, nilidhani..."

"Aa-aa! Neno la kwanza ndilo neno!" Kapteni akadakia, akipiga meza. "Mchezo una sheria. Au nasema uongo, Shangazi?"

"Husemi uongo. Ndiyo sheria."

Mechi ikatoka sare.

Kimya alikitazama kifungo kikidondoka kikombeni. Neno lake moja, tena la kuteleza, limekwenda mpaka kwenye uwanja asioujua, likawazuia mabingwa! Tangu siku hiyo hakuthubutu kutamka jingine. Kila wiki, sare. Mara nyingine alikosa, lakini mwaka ule timu zilikuwa kama zimeapishwa zisishindane. Ligi ilipofika katikati, kikombe chake kilikuwa kinakikaribia cha Kapteni.

Hapo Kapteni akasimama.

"Jamani, tuambiane ukweli. Sare si ubashiri, sare ni woga. Ni kama mtu kuulizwa chai au maji, akasema vyote. Kuanzia leo anayepatia sare apewe nusu kifungo."

"Chakula kiko mdomoni, ndipo unauliza chumvi?" akasema Mzee Pasi, mpiga pasi, bila kuinua kichwa.

"Tupige kura basi!"

Mikono ikaanza kupanda. Kapteni ndiye aliyegawa kazi, na nani anataka kubaki na kazi mbaya? Kimya alitaka kusema kitu, ulimi ukagoma. Aliliona dirisha likirudi nyuma, mbali.

Shangazi hakukasirika. Alimsogezea Kapteni mkasi.

"Nusu kifungo? Haya. Toa kimoja kikombeni mwako, ukikate."

Kapteni akacheka, akatoa, akakata. Tak! Vipande viwili mezani.

"Sasa shona kipande kimoja kwenye shati. Kikishika, sheria imebadilika."

Alijaribu, yeye fundi wa suti za maharusi. Kila alipovuta uzi, ulichomoka kwenye tundu lililokatika, kipande kikaanguka. Akajaribu tena. Mikono iliyokuwa juu ikashuka mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka. Kimya alimtazama Shangazi kama anayemwona leo: mtu anawezaje kunyoosha jambo lililopinda bila hata kupaza sauti?

Ligi ikaendelea kwa sheria ileile. Siku ya mechi ya mwisho cherehani zote zilinyamaza, redio ikawekwa juu ya meza ya kukatia. Kapteni alisema wenyeji watashinda. Kimya alisema neno lake. Wenyeji wakaongoza, wakaongoza, hata watu wakaanza kumpa Kapteni mkono. Kisha, refa akiwa karibu kupuliza kipenga, redio ikapiga kelele: wageni wamesawazisha!

Shangazi akamwaga vikombe mezani. Vya Kimya vilizidi vya Kapteni kwa kimoja. Ndani ya kikombe cha Kapteni vilibaki vile vipande viwili, alivyovirudisha siku ile.

"Hivyo havihesabiki," Mzee Pasi akasema. "Kakikata mwenyewe, kwa mkono wake."

Kapteni alianza kutoa uzi kwenye cherehani yake, taratibu.

Kimya alilitazama dirisha. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kazi hiyo nani angemfundisha?

"Shangazi," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi. "Kilikuwa kizima kilipoingia kikombeni."

Watu wote wakageuka. Mzee Pasi akasahau pasi juu ya suruali.

"Alikipata kwa haki. Kukikata hakufuti kwamba alipatia."

Shangazi akaviunganisha vile vipande kwa vidole, akavisogeza kwenye fungu la Kapteni. "Basi mko sawasawa. Hali hii inaitwaje?"

"Sare," akasema Kapteni.

Yeye mwenyewe ndiye aliyebeba cherehani ya Kimya. Wakaziweka cherehani zao uso kwa uso, dirisha likiwa katikati yao.

Kesho yake Kimya alipewa koti jeusi. Akalikunjua juani, mkono ukasimama. Ndani ya ule weusi kulikuwa na buluu, na ndani ya buluu uzi ulimeta kama maji.

"Kumbe!" akanong'ona.

"Kumbe nini?" Kapteni akauliza.

"Kumbe nyeusi ina rangi."