Nukta Iliyogoma Kutembea

Ofisini kwetu kaka yangu, mlinzi wa msitu, walimwita Mguu Chuma, na mimi nilivimba kichwa kila niliposikia jina hilo. Kazi yangu ni kulinganisha picha za msitu wa umma zinazopigwa kutoka angani, za wiki iliyopita na za wiki hii. Miti ikikatwa, kwenye ramani panatokea doa jekundu. Juu ya ramani hiyo hiyo hupita mistari ya walinzi, maana kila mmoja hubeba kifaa kidogo kinachotuonyesha kwa nukta alipo. Kuna wavivu ambao mistari yao huishia kivulini kando ya barabara. Wa kaka yangu na wa mwenzake wa doria ilipanda milima na kushuka makorongo, imeshikana asubuhi hadi jioni. Wageni wakija, niliwaonyesha. "Huyo ni tumbo moja na mimi," niliwaambia, hata kama hawajauliza.

Asubuhi hiyo picha mpya ziliingia, na katikati ya bonde palikuwa na doa jekundu. Nikasonya. Halafu nikaiona nukta ya kaka ndani ya doa lenyewe, peke yake, haisogei. Ya mwenzake haikuonekana kabisa. Nikampigia kaka, simu imezimwa. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, nukta iko pale pale.

Utaratibu wetu ni mfupi: nukta ikigoma kutembea, watu wanakwenda. Kuna mlinzi ambaye nukta yake iligoma hivyo hivyo, tukamkuta chini ya majani, wakata miti wamekwishammaliza. Niliingia kwa mkuu wetu bila hodi.

"Wamemuua kaka yangu!"

"Tulia kwanza."

"Situlii! Toa gari!"

Akatoa gari na askari wenye bunduki. Nikapanda bila kuombwa, nimeikumbatia kompyuta ndogo, maana aliyejua njia ya kufika kwenye nukta ni mimi. Tukiwa njiani mama akapiga simu ya salamu tu. "Mbona sauti yako iko hivyo?" Ikanitoka. Nikamwambia kaka haonekani, tunamfuata. Akaangua kilio, akakata simu. Niliulaani mdomo wangu huu usio na breki.

Gari lilipokwama tukaingia kwa miguu. Mkuu alinikataza kutangulia, lakini masikio nilikuwa nayo wapi? Nikanusa mbao mbichi, nikasikia msumeno wa mashine ukinguruma, kisha nikatokea kwenye jua kali mahali palipopaswa kuwa na giza la miti. Na pale alikuwepo kaka yangu, mzima wa afya, amekaa juu ya gogo na miguu kainyoosha, akiwaonyesha wenye msumeno kwa kidole mti wa kuangusha.

Furaha ilinifika kabla ya akili. Nilikuwa nimeshafungua mikono nimkumbatie, nacheka kama mwehu, ndipo nikaelewa kile kidole kilikuwa kinafanya nini.

Yeye akaruka kutoka kwenye gogo. "Nani kakuleta huku? Rudi! Hawa watu si wa mchezo!"

"Nimefuata nukta yako."

Akapapasa mfuko, akakitoa kifaa, akakitazama kama mtu aliyeokota nyoka. "Leo mwenzangu anaumwa," akasema taratibu. "Ningekiacha nyumbani, ungeona hakitoki."

Ile mistari miwili niliyowatambia wageni ilitembezwa na mtu mmoja, yule mwenzake, vifaa viwili mfukoni. Kaka yangu hakuwa amepanda mlima hata mmoja. Leo ndiyo siku aliyokibeba cha kwake mwenyewe.

Askari wakatokea nyuma yangu. Msumeno ukazimwa, watu wakatupwa chini, na kaka akawa bado ananitazama mimi.

"Mdogo wangu, umekuja nao?"

Nilitaka kumwambia nilikuja kumwokoa.

Simu yangu ikalia. Mama.

"Umempata?"

"Nimempata, mama. Yuko mzima."

Akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, akarudia na kurudia, akaniita mtoto mwema. Kaka aliyasikia yote kutoka pale alipopigishwa magoti. Akainamisha kichwa, na askari akamfunga pingu.