Maji ya Moto kwa Edilsa

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, Daktari Evaristo Consuegra, daktari wa meno mstaafu wa mji wa Barranquilla, alikunja shati na kuingiza mkono kwenye tangi la samaki sebuleni ili akwangue mwani uliokuwa umeota kwenye kioo. Mle ndani alifuga samaki simba watatu wa ile jamii ndogo isiyozidi urefu wa kidole, wenye mapezi mekundu na miiba ya sumu mgongoni. Walikuwa na haya kupita kiasi. Mchana kutwa walijibana chini ya jiwe, na chakula walikubali pale tu Daktari alipowatikisia uduvi kwenye ncha ya kijiti wakaudhani mzima. Hawakuwahi kumfuata mtu kumchoma. Ila kukimbia nako hawakujua, na mkono wa Daktari ulipopapasa nyuma ya jiwe ulimkuta mmoja palepale alipojificha.

Mwiba ulizama kwenye kidole cha kuonyeshea. Daktari aliona tone la damu, hakusikia maumivu yoyote. Jikoni, Edilsa, mtumishi wa nyumba, aliyekuwa akimenya muhogo, akaangusha kisu na kupiga yowe lililofika mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya barabara.

"Kuna nini huko?" Daktari aliuliza.

"Kidole, Daktari! Nakufa mie, kidole changu!"

Kilikuwa kimevimba, kidole kilekile, mkono uleule wa kulia, bila tundu. Daktari, ambaye alikuwa amesoma yote kuhusu samaki wake, alimwambia asiwe na wasiwasi. Sumu ile huvunjwa na joto. Achemshe maji, autumbukize mkono yakiwa ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, na yakipoa achemshe mengine. Edilsa akachemsha mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mezani usiku ule Daktari alisema kwamba watu wanawasingizia bure wale samaki, sumu yao maneno matupu.

Bi Nidia, mkewe, aliweka kijiko chini. Alikumbuka siku aliyomzaa mwanawe Rodolfo. Mkunga akimwambia sukuma, yeye anakula nanasi, na ukoo mzima ukamsifu kuwa mwanamke wa shoka. Siku hiyohiyo Edilsa, aliyekuwa kigori tu aliyeletwa kutoka Ciénaga, alikuwa akigaagaa sakafuni kwenye chumba cha uani. Wakasema amekula maembe mabichi, wakamwambia aache kudeka. Halafu kulikuwa na vijiwe vya figo vya Daktari, alivyovitoa huku akipiga mluzi. Bi Nidia aliyapanga hayo yote kichwani, akajuta. Majuto yale hayakumnyima usingizi, na hilo nalo alilijutia.

Mtaani habari ikajulikana, wala hakuna aliyeshangaa. Abelardo, jirani aliyekuja kucheza domino, alisema nyumbani kwa bibi yake mambo yalikuwa hivyohivyo, maumivu yao yakimwendea mama mmoja mfua nguo. Kisha akataka kujaribu na yeye. Akatia kidole tangini, akamgusa samaki, akaruka akimwita marehemu mama yake.

"Mbona mimi naumia? Evaristo, mbona naumia?"

"Huyu wa jikoni ni wa nyumba hii," Daktari alisema akicheka mpaka machozi. "Kila mtu na Edilsa wake, bwana!"

Tangu siku hiyo Daktari akalitupa stoo lile koleo refu alilokuwa akihamishia mawe. Alifanya kazi kwa mikono mitupu, polepole, akiongea na samaki wake. Hakuwa mtu mkatili, tena mkiniuliza mimi, hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Kitu kisichomuuma alikisahau kabla hajakausha mkono.

Asubuhi moja Edilsa akamfuata Bi Nidia kibarazani.

"Mama, binti yangu Yuranis anajifungua mwezi ujao. Ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Nataka niende nikamwogeshe mtoto, nikae nao hukohuko, nisirudi."

"Ni haki yako, Edilsa."

"Ila mtoto mchanga haogeshwi kwa mkono mmoja, Mama. Mwambie Daktari awauze wale samaki."

"Nitamwambia leoleo."

"Kweli, Mama?"

"Haki ya Mungu."

Akamwambia kweli, wakati wa chakula cha jioni.

"Niwauze?" Daktari alisema. "Ndiyo kwanza wameanza kula vizuri! Hawa ukiwahamisha wanakufa kwa woga. Wewe nawe una roho gani?"

Bi Nidia akaomba apewe bakuli la wali. Kesho yake alimwambia Edilsa kwamba Daktari atalifikiria, akamfungia sanduku la nguo za mtoto, nguo nzuri, zenye lesi, na kumpeleka mwenyewe mpaka kwenye basi.

Edilsa alirudi kabla kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri. Alisimama mlango wa jikoni na begi lake.

"Nilikuwa nimemshika, Mama. Yumo kwenye beseni, kichwa chake kwenye kiganja hikihiki. Mkono ukaniwaka, ukamwachia."

"Mtoto je?"

"Alikunywa maji kidogo tu. Yuranis alimdaka. Hakunitukana, hakunifukuza. Ila hakunipa tena mtoto."

"Si ungekaa nao tu, hata bila kumbeba?"

"Nikae nimtazame kwa mbali, Mama, wakati damu yangu inalia? Siwezi. Hapa angalau namwona Daktari akikunja shati. Naweka chini nilichoshika, naketi, nangoja."

Akatundika begi, akafunga aproni, akauliza kama walikuwa wamekula.

Alasiri ile, Daktari akiwa amelala, Bi Nidia akaliendea tangi. Alikuwa na wazo moja tu. Huenda maumivu yalikwenda kwa Edilsa kwa sababu hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuyataka. Yeye akiyataka, akiyafuata kwa miguu yake, labda yatabaki kwake. Ndoo ilikuwapo pale chini, angeweza kuwateka wale samaki wote watatu na kwenda kuwarudisha kwa aliyewauza. Hakuifikiria ndoo. Aliuzamisha mkono na kanzu yake, akaufikisha chini ya jiwe, na samaki mmoja akazidi kujikunyata mpaka akakosa pa kwenda. Bi Nidia akamkandamiza kwa kiganja.

"Baki," aliyaambia maumivu, macho ameyafumba. "Baki kwangu."

Jikoni hakukutoka yowe safari hii. Kiti kiliburutwa.

Alimkuta Edilsa ameketi, jasho linamtiririka, mkono umezama ndani ya sufuria ya maji ya kahawa.

"Daktari si amelala?" Edilsa aliuliza. Halafu akaiona kanzu iliyokuwa ikidondosha maji sakafuni. "Na wewe, Mama?"

"Nilitaka yawe yangu. Nilidhani yatabaki kwangu. Nisamehe, Edilsa."

Edilsa alisema maji yanaanza kupoa, amwashie jiko kubwa. Bi Nidia hakujua ni swichi ipi, Edilsa akamwonyesha kwa kidevu.

Akiwa amesimama pale anangoja birika lichemke, majuto yalimpanda Bi Nidia kuliko siku zote, yakamjaa kifua. Akangoja yaume. Edilsa ndiye aliyeanza kulia, kwanza taratibu, kisha kwa kwikwi, machozi yakimdondokea ndani ya sufuria.

"Samahani, Mama," alisema, akijifuta begani. "Mkono wenyewe umeshaanza kutulia. Sijui hata nalilia nini."

Bi Nidia, macho makavu, akamwongezea maji ya moto. Sebuleni Daktari aliamka, akauliza kahawa imefikia wapi.