Dakika Sita

Fundi bomba alikuwa amepiga magoti mbele ya choo cha saba asubuhi ile simu yake ilipolia. Alikuwa mama yake, tena kwa video.

"Mwanangu, nimekaa na majirani hapa. Hebu tuonyeshe bahari!"

Fundi alitazama huku na huku. Kuta za chuma tupu. Meli ilikuwa na mabwawa matano ya kuogelea, uwanja wa kuteleza kwenye barafu na mashine ya kuchanganya vinywaji bila mhudumu. Yeye, huko chini kwenye vyumba vya wafanyakazi, siku kumi na tisa hakuwa ameona hata wimbi moja.

"Mtandao unasumbua, Mama," alisema, akakata.

Akaenda kwa msimamizi, ambaye mafundi walimwita Bwana Kanuni, kuomba dakika tano za kupanda juu. Akapewa fomu.

"Sababu?"

"Kuona bahari."

"Si uko baharini wewe?"

"Nasikia hivyo, bosi."

Akanyimwa. Juu ni kwa abiria.

Saa tisa choo kiliziba ghorofa ya kumi na nne, chumba chenye roshani. Abiria, bibi mmoja mcheshi, alikiri kwamba kofia yake ya kuogelea ilimponyoka. Fundi aliivuta, akanawa mikono, akageuka. Pazia lilikuwa wazi. Bahari yote ile, na haina hata bomba moja! Akabaki akitazama.

"Kaa kidogo, baba," bibi alisema. "Hata mimi nilipigwa na butwaa."

Akakaa, akapiga simu nyumbani. Kioo cha simu kikajaa vichwa vya majirani, vigelegele vikapaa. Mama yake akafuta machozi, kisha akakunja uso.

"Chumba chako kizuri, mwanangu. Ila mpaka saa hizi hujatandika kitanda?"

"Nitatandika, Mama."

Mlango ukagongwa. Bwana Kanuni alikuja kumwomba abiria radhi kwa harufu. Alipomwona fundi kitini, radhi zikamwishia mdomoni.

"Nimemkalisha mimi," bibi alisema.

"Samahani, mama. Kanuni ni kanuni." Akatoa karatasi ya onyo, akakadiria kwa saa yake, akaandika: *Amekutwa akitazama bahari dakika sita bila kibali.* "Soma, utie sahihi."

Fundi alisoma polepole, akaangalia muda kwenye simu yake. Akachukua kalamu, akafuta sita, akaandika tisa, ndipo akatia sahihi.