Tandala na Kigumba Butu

Usiku wa kuamkia jana, Maroba aliota kwamba tupa yake, ile ya kunolea vyuma, imekaa kwenye kigoda mlangoni, inamsubiri aamke.

Ieleweke kwanza alilala vipi. Maroba ni mwindaji wa Kihadzabe wa bonde la Yaeda, mtu mwenye shabaha nzuri na uvivu wa wastani. Mchana wa siku hiyo alikuwa porini na shemeji yake Sagiro, kaka wa mkewe. Walimkuta tandala dume amesimama kichakani, karibu kabisa. Maroba akaachia mshale. Ukampiga ubavuni, pale pale palipotakiwa, kisha ukadondoka chini. Tandala akakimbia na jeraha lake. Walimfuata mpaka alama za damu zikawapotea kwenye mawe.

Sagiro aliuokota mshale ule, akapitisha kidole kwenye kigumba, kile chuma kipana cha mbele.

"Hiki ningekorogea uji," alisema. "Ni butu."

"Ni upepo," alisema Maroba. "Umeusukuma mshale."

Sagiro alimrudishia mshale wake, akashika njia nyingine ya kurudi nyumbani. Walikuwa wakiwinda pamoja tangu Maroba alipomwoa Abeya, na siku zote walirudi kwa njia moja. Maroba alikula kidogo, akalala bila kumwambia mkewe neno.

Sasa tupa iko kwenye kigoda. Maroba anaiamkia, kwa kuwa imemzidi umri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanisukuma mbele na kunirudisha nyuma, kama mtu anayepiga mswaki?"

"Si ndivyo watu wanavyonoa?"

"Ndivyo watu wanavyoharibu tupa. Meno yangu yanatazama mbele. Nasukumwa, nainuliwa, nasukumwa tena. Kurudi, sirudi. Kuanzia leo na wewe hurudi."

Maroba anaona hilo ni la haki. Anataka kuchukua podo la mishale, lakini podo liko nyuma yake, na nyuma hakuna tena. Anajaribu kugeuka, shingo inakataa. Basi anakwenda mbele. Anapita katikati ya moto bila kuungua, anapita katikati ya kibanda cha jirani, anatokea upande wa pili na nyasi za paa kichwani.

Abeya yuko hapo, anatwanga ubuyu.

"Unakwenda wapi?"

"Mbele."

"Ukirudi uje na maji."

"Sirudi."

"Basi nitachota mwenyewe," anasema Abeya, na kuendelea kutwanga.

Hatua inayofuata inamwingiza Maroba kwenye uwanja wa mpira. Vigumba vimevaa jezi, vinakimbia kuzunguka uwanja. Katikati limesimama jiwe la kunolea, kubwa kama mbuzi aliyelala, limelowa maji na limevaa filimbi shingoni, ingawa shingo halina.

Maroba anakitambua kigumba chake mwenyewe, kimevaa namba tisa. Anakiuliza yule ni nani.

"Kocha," kinasema kigumba. "Ndiye anayetunoa msimu huu."

"Na zamani mlinolewa na nani?"

"Na wewe," kinasema kigumba bila kinyongo. "Tuko mkiani."

Jiwe linapuliza filimbi.

"Leo zoezi ni moja tu," linasema. "Mlalo. Anayeanza kunolewa amelala hivi, anamaliza amelala hivi hivi. Anayeinuka katikati anapoteza makali."

Linaegemea kidogo upande wa kulia, na uwanja mzima unaegemea nalo. Magoli yanaegemea. Mama mmoja wa pembeni anamimina chai, na chai inatoka kwenye birika kwa mshazari na kuingia kikombeni bila kumwagika. Maroba naye anaegemea. Hajambo, ila anahisi tumbo limehamia ubavuni.

"Wewe uliyesimama," linasema jiwe. "Nipitishie namba tisa."

Maroba anakichukua kigumba, anakilowesha maji, anakipitisha mgongoni mwa jiwe, mara upande huu, mara upande ule. Anapoona kinang'aa, anakiinua.

Jiwe linakitazama.

"Umenoa."

"Asante, kocha."

"Sikusifu. Nasema umenoa. Ulipofika kwenye ncha uliinua mkono. Anza tena."

Wakati anaanza tena, ndipo yule tandala wa mchana alipoingia uwanjani. Alikuja akichechemea, pembe zake ndefu zikijizungusha juu kama moshi, akaketi kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Maroba alimtambua kwa jeraha.

"Sina ugomvi na wewe," alisema tandala. "Nyinyi mnakula na sisi tunakimbia, hilo tunalijua. Nimekuja kuuliza tu. Kile kitu chako kilichonigonga ubavuni, kilikuwa kinabisha hodi?"

Maroba alisema kwamba ulikuwa upepo.

Upepo ukaitwa. Ulifika umechelewa, umevaa koti, ukirusha vumbi kidogo kwa adabu.

"Jana mimi nilikuwa Karatu," ulisema Upepo. "Nilikuwa nakausha nguo za watu huko mpaka jioni. Waulizeni."

Hakuna aliyeuliza. Vigumba vikatazama viatu vyao. Maroba alitamani kurudi nyuma, lakini nyuma hakukuwapo bado.

"Kilikuwa butu," alisema.

"Nilijua," alisema tandala. "Mimi ndiye niliyelala na jeraha lake. Sasa noa vizuri, mimi nasubiri."

Maroba akainama kazini. Safari hii alishika mlalo mmoja tangu shingo ya kigumba mpaka nchani, na jiwe halikusema neno, jambo ambalo kwa jiwe ni sifa. Chuma kilianza kutoa uzi, ule uzi mwembamba unaojikunja kwenye makali, unaoukwaruza ukucha.

"Tayari," alisema Maroba.

"Bado," alisema tandala. "Huo uzi ni makali ya uongo. Ukigusa mbavu, unakunjika. Uondoe kwenye ngozi."

"Ukanda wangu wa ngozi uko nyumbani."

"Ngozi ninayo," alisema tandala, akamgeuzia ubavu mzima, ule usio na jeraha.

Maroba akasita.

"Hapa usisukume," alisema tandala, akitafuna majani aliyokuja nayo. "Kwenye ngozi unavuta, makali yakiwa nyuma. Ukisukuma utanikata, na leo hatukukubaliana hivyo."

Maroba akavuta. Alivuta polepole, upande mmoja wa kigumba kisha wa pili, juu ya manyoya ya kijivu yenye mistari myeupe. Ubavu ulikuwa wa moto, ukipanda na kushuka. Alikuwa hajawahi kumshika tandala anayepumua. Uzi wa chuma ulikatika ukaanguka majanini, na kigumba kikapiga chafya.

"Sasa kijaribu kwenye mkono wa mtu," alisema tandala.

Maroba alinyoosha mkono wake mwenyewe, lakini tandala akatikisa pembe. Kwenye benchi, mgongo ukiwa umewaelekea, alikuwa ameketi Sagiro. Hakugeuka wala hakusalimia, kwa sababu hata ndotoni alikuwa bado amenuna. Alinyoosha tu mkono wa kushoto kwa nyuma.

Maroba aliweka kigumba juu ya mkono wa shemeji yake, chini kidogo ya kiwiko, akakiteleza. Vinyweleo vilidondoka vyenyewe, kama vilikuwa vinasubiri ruhusa.

"Mbona sikusikia kitu?" aliuliza Sagiro.

"Ndivyo ninavyotaka na mimi," alisema tandala, akasimama. Aliwaaga wote, kuanzia kocha, akaondoka akichechemea.

Maroba aliamka jua limeshachomoza. Jambo la kwanza alitazama kigumba chake. Kilikuwa butu vile vile. Kijiko kingekizidi. Akajiona mjinga kwa kuitumaini ndoto. Hata hivyo aliketi nje, akaiinua tupa kila aliporudisha mkono, akalowesha jiwe, akamalizia kwenye ukanda. Abeya alipita mara mbili akimtazama. Alipomaliza, aliuchukua mshale akaenda kwa Sagiro, huku akitafuta njiani maneno ya kuanzia.

Hakuyahitaji. Sagiro alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, upinde magotini, akijikagua mkono wa kushoto. Chini kidogo ya kiwiko palikuwa na kipande kisicho na unywele hata mmoja, laini kama shavu la mtoto.

"Nimeamka hivi," alisema Sagiro, bila kuinua macho. "Na sikusikia kitu."